Blanketi Zilizokunjwa Kwenye Kiti

Kiangazi kile wageni wetu walilala kwenye vitanda na blanketi zao zikalala kwenye viti. Ninaingia chumbani asubuhi na ufagio na ndoo, ninakuta shuka imevurugika, godoro limebaki na shimo la mtu, na blanketi imekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, imekaa kwenye kiti kama mama aliyekuja kusalimia. Chumba cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Na baridi ya Masisi si ya kuchezea. Asiyeijua nimwambie: mwezi wa saba mawingu yanaondoka, mbingu inakuwa safi, na jua likishazama baridi inateremka kutoka kwenye malisho na kuingia chini ya mlango. Ng'ombe wenyewe wanalala wakisukumana. Mtu halali na shuka peke yake kwa kupenda.

Sijui kama nitaeleza vizuri. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, kisha nyumbani hakukuwa na mtu wa kupeleka maziwa sokoni, nikaacha. Ninaandika jambo hili kwa sababu kila nikilisimulia kwa mdomo ninajikuta ninajipendelea. Kwenye karatasi ninaweza kurudi nyuma na kufuta.

Nyumba ya wageni ninayofanyia kazi iko Masisi centre, upande wa juu, unapotokea barabara ya Lushebere. Ni ya mjane mmoja, mtu mzima, ambaye sisi wote tunamwita Mama tu. Bwana yake aliijenga, akafa kabla ya kuipaka rangi, na mpaka leo ukuta wa nyuma ni matofali matupu. Mimi ninafua, ninatandika, ninapika chai. Mama anapokea wageni na kutunza funguo.

Mwanzoni mwa kiangazi alikuja ndugu ya marehemu, shemeji yake Mama. Nilimletea chai ya maziwa uani, nikabaki karibu ninaanika foronya, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "mimi sikufukuzi. Lakini nyumba ya wageni bila wageni njo nini? Iko magodoro tu."

"Wageni watakuja," Mama akasema.

"Mwaka jana walikuja kidogo. Mwaka huu barabara ikikauka tutaona. Kama vyumba vinabaki wazi kiangazi hii, nitaweka mifuko ya sima ya kujengea na bia humu ndani, na weye utarudi kwenu."

"Kwetu iko wapi?"

"Kwenu iko kwenu."

Alimaliza chai, akashukuru, akaenda. Nimeandika mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu wa roho ngumu, kisha nimefuta. Ukweli ni kwamba mabati ya nyumba ile alitoa yeye, na mbao za dari pia. Tangu mazishi alikuwa amengoja bila kusema neno. Watoto wake wanasoma. Mtu anayengoja hivyo si mwizi. Lakini Mama hakuwa na pa kwenda, kila mtu alijua, na tangu siku ile alianza kutembea ndani ya korido bila kazi, anafungua chumba, anafunga, anafungua kingine.

Kiangazi ndicho kilichokuwa kila kitu kwetu, kwa sababu ndipo wanapopanda wauza mawese wa Walikale. Wakati wa mvua barabara ya kwao ni tope, pikipiki inazama hadi kwenye injini. Ikikauka, na ikiwa hakuna waliofunga njia, wanakuja kwa kundi, bidoni za mafuta zimefungwa kila upande, wanauza, wananunua maharagi na fromaji, jibini ya kwetu, wanashuka tena. Kila wakipanda wanalala kwetu, vyumba karibu vyote. Lakini mwaka uliotangulia walinung'unika. Blanketi zetu zilikuwa zile za kijivu, nyepesi, zinazogawiwa kambini na kisha kuonekana sokoni. Mkubwa wao, baba mmoja tuliyemwita Papa, mwenye sauti ya chini na mwendo wa polepole, aliniambia wakati wa kuondoka: "Mama, mimi si mukimbizi. Nimekuja kufanya biashara." Alisema kwa kucheka, lakini alisema.

Basi Mama akaniambia: "Chagua bulangeti mupya. Weye njo unajua vitanda."

Nilikwenda kuzitafuta Mweso, kwa sababu habari za barabara ya Goma wiki ile zilikuwa hazieleweki. Nilipitia kwetu Burungu, nikalala kwa ndugu zangu, asubuhi nikaendelea. Sokoni niligusa kila kitu. Kulikuwa na zile za kijivu tena. Kulikuwa na za kufuma, nzuri kwa macho, lakini zinatoa manyoya na mgeni anaamka na ndevu nyeupe. Kulikuwa na zile zenye sponji ndani, laini sana, ila zikilowa hazikauki wiki nzima, na mvua ikirudi mwezi wa tisa ningekuwa ninazipeleka kwenye moto wa jikoni moja moja. Mwisho kulikuwa na zile nzito, za maua makubwa mekundu, vitambaa viwili vimeshonwa pamoja, na utepe unaong'aa umezunguka pembeni. Ukijifunika moja huhitaji ya pili. Niliingiza mkono katikati nikautoa una joto.

Nikachagua hizo. Kwetu mgeni akija anatolewa kitu kilicho sandukuni, si kile kinachotumika kila siku, na mimi nilifikiri hivyo: hawa watu walisema tunawalaza kama wakimbizi, sasa tuwalaze kama watu wa arusi. Nilijua kwamba blanketi ya namna ile huwa inatolewa wakati wa mahari. Hata kwetu, watu wa ng'ombe, upande wa kijana unamletea mama wa binti blanketi. Lakini kwetu ikishapokelewa imekwisha. Bibi analala nayo, wajukuu wanaikojolea, inaanikwa kwenye ua, hakuna anayeifikiria tena. Kwa hiyo sikufikiria.

Mama alipoziona alipitisha mkono juu ya maua. Kisha akasema, "Zinafanana na za watu," na nikajua amefurahi.

Wauza mafuta walifika wiki ile ile barabara ilipokauka. Waliingia na vumbi hadi kwenye kope, wakaoga, wakala, wakaingia vyumbani. Asubuhi yake nilipoleta chai walikuwa wote uani, wamezunguka makala ya moto, wamejikunyata, na walikuwa wanamcheka mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu.

"Ulilala muzuri, mukwe?"

"Muniache."

"Tunakusalimia tu. Na mama muzazi alilala muzuri?"

"Nimesema muniache. Ilikuwa baridi."

"Eeh, baridi. Utamweleza hivyo bibi yako. Ilikuwa baridi."

Waliponiona walinyamaza wote pamoja. Nilifikiri wanazungumza mambo ya ndoa ya kijana, na mambo ya ndoa ya mtu si yangu, nikamimina chai. Mkubwa wao alikohoa kwenye kiganja na kuangalia milima. Kisha nikaingia vyumbani, na ndipo nikakuta blanketi kwenye viti. Zote, isipokuwa ya kijana yule, ambayo ilikuwa kitandani. Siku iliyofuata na yake ilikuwa kwenye kiti.

Nilimuuliza mkubwa wao alipokuwa anafunga mizigo.

"Papa, bulangeti iko na shida gani?"

"Hapana, Mama. Iko muzuri."

"Lakini hamujifuniki."

"Iko muzuri kabisa," akasema, na akavuta kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Iko muzuri kupita."

"Kupita nini?"

"Kupita tu."

Wakaondoka. Tangu hapo sikuwa na utulivu. Mama alidhani ni kunguni. Tulitoa kila godoro juani, tukalipiga, tukamwaga maji ya moto kwenye mbao za vitanda, hatukuona kitu. Nikadhani ni harufu ya sokoni, nikazifua zote, na kufua blanketi nzito kama zile ni kazi ya watu wanne kuzikamua, sisi tulikuwa wawili. Nikadhani ni uzito. Nikajifunika moja mchana, nikalala ninangoja nione kama kifua kitabanwa. Nilisinzia. Mama alinikuta.

"Na weye uko nafanya nini?"

"Ninapima."

"Unapima na macho ya kufunga?"

Kuna wazo jingine lililonijia, nitaliandika kwa sababu nimeahidi kuandika sawa. Nilifikiri: ni kwa sababu mimi ni wa watu wa ng'ombe na wao ni watu wa msituni, na hawataki nguo iliyopita mikononi mwangu. Siku hizi wazo kama hilo linakuja peke yake, halihitaji kuitwa, na kuna watu wanalipenda sana. Nililala nalo siku kadhaa. Nikawa ninanusa mikono yangu kama inanuka siagi. Lakini chai yangu walikuwa wanakunywa, na maziwa walikuwa wanaomba yaongezwe, kwa hiyo wazo lilikuwa halina miguu. Niliona haya kwamba lilinikalia muda ule.

Walipopanda safari iliyofuata hawakuja kwetu. Walilala chini karibu na soko, kwenye nyumba yenye vyumba vya mbao na blanketi za kijivu. Za kijivu, ambazo walizikataa. Niliwaona kwa macho yangu, wamekaa mbele ya mlango wanakula, na Papa yule aliniinulia mkono kwa heshima zote. Kijana wa kofia aliinama kwenye sahani.

Siku chache baadaye shemeji alirudi. Safari hii hakukaa. Alikuwa na kipande cha kamba, akapima upana wa mlango wa mbele, akapima korido, akafunga fundo kwenye kamba kwa kila kipimo. Mama alisimama jikoni, mgongo kwa mlango, anachambua maharagi ambayo nilikuwa nimeshayachambua. Shemeji alipomaliza alisema, "Kiangazi bado haijaisha, shemeji. Napima tu." Na ni kweli, kilikuwa bado hakijaisha. Alisema kweli, lakini usiku ule hatukula.

Basi nikaenda Walikale. Wamama wa kanisa letu walikuwa na mkutano huko, nikaomba Mama ruhusa, na sitasema nilikwenda kwa ajili ya sala peke yake. Tulipita Nyabiondo, tukaanza kushuka. Kila ukishuka unavua kitu. Kwanza sweta, kisha kitambaa cha shingo, halafu unabaki unatafuta cha kuvua kingine na hakipo. Mwishoni miti inafunga barabara pande zote na hewa inakuwa kama ya chumba walichochemshia nguo. Mimi niliyezoea kuona mbali, msitu unanipa wasiwasi. Muda wote ninageuza shingo natafuta mlima wa kuangalia.

Niliuliza kwa mke wa Papa yule muuza mafuta, nikaonyeshwa. Alikuwa mama mnene, mcheshi, amekaa kwenye kigoda anakamua ngazi, zile tunda za mawese, mikono ya rangi ya machungwa hadi kwenye viwiko. Bwana yake alikuwa safarini. Nilipojitaja kwamba ni mimi ninayefua kwenye nyumba ya wageni kule juu, aliacha kukamua.

"Weye njo yule mama wa bulangeti?"

"Bulangeti imefika mpaka huku?"

"Bwana yangu alirudi na kikohozi kiangazi katikati. Namuuliza, hasemi. Nikamushika yule kijana wa kofia, akasema yote. Nilicheka hadi nikakaa chini, Mama, nisamehe."

Nikamwomba aniambie basi, kwa sababu sisi hatukuwa tunacheka. Alinawa mikono, akaniita hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Ndani kulikuwa na sanduku la bati, na juu ya kitanda bibi mmoja mwembamba, mama yake mzazi, amelala ubavu anatuangalia. Yule mama alifungua sanduku bila kuingiza mkono ndani sana. Nikaona maua yangu. Yale yale makubwa, mekundu, na utepe unaong'aa.

"Hii njo bwana yangu alileta kwa mama yangu wakati wa dote, mahari yangu. Hailaliwi. Inatoka kiangazi kidogo, inapigwa jua, inarudi. Na bwana yangu, hata kuikunjua hawezi, hata kuibeba. Anaiheshimu vile anamuheshimu mama. Sasa weye unamuambia alale chini yake."

Nikarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye sanduku.

"Yule kijana wa kofia," akaendelea, "anatoa dote mwaka huu. Usiku wa kwanza baridi ikamushinda, akajifunika. Wenzake walimuona asubuhi. Njia yote kutoka Masisi mpaka hapa wanamuuliza, mukwe wako alikukumbatia vipi. Nani tena atajifunika? Hata mutu asiye na mukwe anaogopa."

Kisha akanigusa bega. "Lakini usirudi kwenu useme watu wa Walikale wako hivi. Wengine wanalala nazo, hawana habari. Kwetu njo hivi. Na wanaume wakiwa wengi pamoja, heshima inazidi."

Nilicheka pale, kidogo. Kisha nikafikiri korido ikipimwa kwa kamba, kicheko kikaisha. Nikamweleza mambo ya shemeji na nyumba. Alisikiliza, mikono kiunoni, anatikisa kichwa.

"Ninunue zingine na nini?" nikasema. "Na kiangazi iko naisha."

"Uzifiche ndani ya dra, ndani ya shuka?"

"Shuka zenyewe hazitoshi. Na watajua kilicho ndani."

"Watajua," akakubali.

Ndipo bibi akasema kutoka kitandani, bila kugeuka: "Mutu akiniletea yenye kukatwa, namurudishia. Na mutoto wangu nabaki naye."

"Mama, mutoto wako niko na miaka hamsini," yule mama akasema.

"Nabaki naye."

Walianza kubishana kama nani atabaki na nani, na mimi nikabaki na neno lile, yenye kukatwa: kumbe iliyokatwa si ya mahari tena. Kwenye mkutano sikusikia mahubiri vizuri. Usiku nilipewa kitanda chenye shuka moja nyepesi na chandarua, basi, na shuka ilikuwa na unyevu na harufu ya moshi kwa sababu kule wanaanika juu ya moto wa jikoni. Ilitosha kabisa. Nililala vizuri kuliko nilivyolala Masisi mwezi mzima, na hilo pia lilinikera, kwamba mwili unaweza kupumzika wakati kichwa kinakimbia.

Nilirudi nikamweleza Mama yote. Hakucheka hata kidogo. Alikaa kwenye kitanda cha chumba cha kwanza, akaivuta moja magotini.

"Tukizikata," akasema, "hazirudi sokoni tena. Zikiwa nzima, nikifukuzwa naweza kuziuza nikaanza kitu."

"Ni kweli, Mama."

"Na wasipokuja, shemeji atasema nimeharibu."

"Atasema."

"Na weye unasema nini?"

Ningependa kuandika kwamba nilimpa jibu. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyechagua mara ya kwanza na nilichagua vibaya, kwa hiyo sioni kwa nini achukue neno langu mara ya pili. Akasema, "Ulichagua muzuri. Ulichagua muzuri kupita," na nilivyosikia maneno ya Papa yule kwenye mdomo wake nikajua amekwisha kuamua. Alituma wembe uletwe. Akaanza yeye mwenyewe, kwenye pembe, kutoa uzi wa utepe.

Nilikuwa nimesema zina vitambaa viwili. Utepe ulipotoka, ziliachana kama ganda la mgomba. Kila moja ikawa mbili, maua upande wa juu, na upande wa ndani ambao haujawahi kuona mwanga, rangi ya maziwa. Tuliziangalia. Moja peke yake ilikuwa nyepesi, ya kutosha mtu wakati wa mvua, wakati mawingu yanaifunika Masisi kama sufuria na baridi haiumi sana. Mbili pamoja, mgongo kwa mgongo bila kushonwa, zilikuwa za kiangazi. Kazi hiyo ya misimu miwili sikuwa nimeiwaza pale Mweso, na sitajisifu kwayo. Ilitoka kwa wembe. Tulizipinda pembeni kwa mkono, Mama na mimi, siku tatu au nne, vidole vikavimba, na tepe zile zinazong'aa tukazitupa kwenye kikapu, kilo nzima ya kung'aa.

Mama hakungoja habari itembee yenyewe. Wauza mafuta walipopanda tena alishuka sokoni siku ya kwanza, mimi nyuma yake na bidoni tupu kama watu waliokuja kununua. Papa yule alisimama.

"Papa," Mama akasema, "bulangeti nimezikata."

Wenzake wakaacha kupima mafuta.

"Umezikata namna gani?"

"Na wembe. Zote. Hakuna hata moja unaweza kupelekea mama ya mutu."

Alipanguza mikono kwenye suruali. Nilimwona anataka kukana, kusema blanketi gani, Mama, sisi tulilala vizuri. Lakini Mama alikuwa amesimama pale na umri wake wote, na mtu hamdanganyi mjane mbele ya soko. Akasema, "Nitapita kuona." Alipita jioni ile, na wanne nyuma yake, na wa kofia nyuma kabisa mlangoni. Alishika pembe niliyoipinda, akaigeuza, akaona upande mweupe. Aliinua ya pili. Alikuwa mzito kama hakimu.

"Hii sasa iko nusu," akasema mwisho.

"Iko nusu," nikasema.

Akamgeukia wa kofia. "Mukwe akigawanywa mara mbili anakuwa nani?"

"Mimi sijui," kijana akasema kwa hasira.

"Anakuwa shemeji. Na shemeji, mutu anaweza kucheza naye."

Wakacheka hadi mlango ukatikisika, na wa kofia akacheka pia, wa mwisho, lakini zaidi ya wote. Mama ndiye hakucheka mara moja. Neno shemeji lilimpita usoni kama moshi. Kisha akasema, "Shemeji wa kucheza naye mimi sina, lakini chai iko," na wakabeba bidoni kutoka sokoni hadi kwetu kabla jua halijazama.

Shemeji mwenyewe alikuja baada ya siku mbili, na mtu mwingine, fundi wa kupanua milango. Walikuta bidoni zimepangwa korido nzima, huwezi kupita bila kujipindua. Chupi na soksi za wanaume wa Walikale zilikuwa zimeanikwa kwenye waya wangu. Fundi alibaki nje. Shemeji aliingia chumba kimoja, akatoka ameshika blanketi.

"Muliharibu bulangeti za ndugu yangu?"

"Si za ndugu yako," Mama akasema. "Ndugu yako alilala na za kijivu."

Aliigeuza ile nguo. Niliona anahesabu vyumba kwa macho na kila mlango una viatu mbele yake.

"Basi," akasema. "Kiangazi hii."

"Kiangazi hii," Mama akasema.

"Mwaka mwingine tutaona."

"Tutaona, shemeji. Kunywa chai."

Alikunywa. Fundi pia aliitwa akanywa. Sitasema tulishinda, kwa sababu mabati bado ni yake na kiangazi kingine kitakuja. Tena sijui kama ni blanketi peke yake. Nilisikia baadaye kwamba nyumba ya chini iliishiwa maji wiki ile, na huenda wangepanda kwetu hata kama tungewapa magunia. Mama hataki nimwambie hivyo. Nimeandika hapa, inatosha.

Asubuhi baada ya shemeji kuondoka niliingia vyumbani. Viti vilikuwa vitupu. Blanketi zilikuwa kitandani, nyingine chini, zimekanyagwa, zimeviringishwa, moja imefanywa mto. Na kwenye upande ule mweupe, katikati kabisa, alama ya mkono wa mtu, vidole vitano vya mawese, rangi ya machungwa yaliyoiva. Chumba cha pili, mikono miwili. Nilizibeba zote hadi uani nikamtupia Papa yule miguuni.

"Papa, hii itatoka na nini?"

Aliangalia, akaangalia mikono yake.

"Mama, si weye ulitaka tujifunike?"

"Nilitaka mujifunike. Sikusema mufute mikono."

"Usiku iko giza. Mutu anavuta tu."

"Avute na mikono safi."

"Sawa," akasema kwa upole, na akarudi kwenye makala yake. Nyuma yake walikuwa wanaanza kucheka tena, lakini sikuwa na nafasi ya kusikiliza. Jua la asubuhi lilikuwa limeshapanda juu ya kilima, siku ilikuwa fupi, nguo zilikuwa nyingi, na Mama alikuwa ananiita kutoka korido kwamba kuna wengine wawili wamefika, wanauliza kama kuna kitanda.